Taa ya kugeukia iseme kweli

Ndugu shofere, wengi wanaingia rond-point na kupita popote wanapoona nafasi. Wanasema: «Taa ya nini? Mimi najua ninakokwenda.» Wewe unajua, ndiyo. Lakini mwenye kinga aliye ubavuni mwako, atajua namna gani?

Katika Kongo tunaendesha upande wa kuume, na rond-point tunaizunguka katikati yake ikiwa kushoto kwetu. Ukitaka kutoka kwa njia ya kwanza, shika kuume mbele ya kuingia, na taa ya kuume iwake. Ukienda kushoto, na barabara ina nafasi ya motokari mbili, kaa karibu na katikati. Ukiisha kupita njia inayotangulia yako, washa taa ya kuume, tazama kioo, ndipo usogee. Kuna mtu pale? Usimkate. Zunguka tena, hakuna mkubwa wa kazi atakayekugombeza kwa nusu dakika.

Taa ya kushoto iliyosahauliwa, mimi naona ni mbaya kuliko taa iliyokufa. Inamwambia mwenzako «nazunguka bado», naye anapita mbele yako.

Shofere wa kamio, kiti chako ni juu sana: mtu aliye karibu na gurudumu la mbele la kuume unaweza kukosa kumwona kabisa. Tena magurudumu ya nyuma hukata kona ndani kuliko ya mbele, na mara nyingi ndiyo yanayomkanyaga mwenye kinga.

Nanyi wazazi, waambieni watoto wanaokwenda masomo kwa kinga: wakikuta kamio kwenye rond-point, wasijipenyeze kuume kwake. Wasimame, waiache ipite.