Mashauri ya Jamaa: Kibarua cha Leo na Biashara ya Kesho



Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, Bwana wetu Yezu Kristu anatusimulia habari za watu waliosimama sokoni wakingoja kuajiriwa. Wengine walipata kazi alfajiri, wengine saa tatu, wengine jua limekwisha kuinama, saa kumi na moja. Kila mara mfano huo unaposomwa kanisani, sisi huona mbele ya macho yetu soko la hapa Kabongo. Upite pale kungali na umande utawakuta: vijana wameketi juu ya pikipiki zao, wengine wameegemea baiskeli za kubebea magunia, wengine wanangoja lori la kupakua. Hawana mkataba wala mshahara wa mwezi. Wana mikono, na nguvu, na simu mfukoni, maana siku hizi mwenye shamba la mizabibu haji sokoni mwenyewe, anapiga simu.

Mmoja wao tulimfundisha sisi wenyewe katika darasa la sita. Jioni moja alikuja kwetu, akaketi, akapewa maji, kisha akasema: «Mwalimu, nimechukua watu kwa pikipiki miaka minne. Sasa nataka kuiuza, ninunue mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Je, niko tayari?»

Swali hilo lilitunyima usingizi. Mtu akikuuliza hesabu utamjibu. Lakini huyu ana mke na watoto watatu, na pikipiki ile ndiyo mali yao yote. Tukamwomba atupe muda. Tunayoyaandika leo ni yale tuliyoyapata katika kutafuta jibu.

Kwanza tuseme neno kwa wazazi. Wengi wenu mnahuzunika: «Tulilipa shule miaka yote hiyo ili mtoto aje kubeba watu mgongoni?» Hatukubaliani nanyi kabisa. Kijana aliyefanya kazi hiyo miaka minne anajua kijiji gani kina mahindi wiki hii na kipi kimekwisha kuuza. Anajua bei ya gunia huanguka lini na hupanda lini. Anajua nani hulipa deni lake na nani hujificha nyuma ya nyumba akisikia mlio wa pikipiki. Sisi walimu tunaona haya kidogo kukiri, lakini shule hufundisha kujumlisha. Bei mtu hujifunza njiani. Wala kazi hii si ya watu wavivu. Jina la boda-boda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, na watu wa baiskeli waliovusha abiria toka boda hii hadi boda ile.

Wakongomani tuna mzaha wetu: tunasema kifungu cha 15 cha Katiba kinaamuru, «Jitafutieni wenyewe.» Katiba yenyewe ya mwaka 2006, kifungu chake cha 15 chahusu jambo jingine kabisa, yaani kuwakinga watu na jeuri ya kijinsia, lakini mzaha umeshinda maandishi. Basi watu wetu wamejitafutia. Je, kujitafutia huko kunamwandaa mtu awe bwana wa kazi yake, au kunamfunga?

Hapa yafaa kutenganisha watu wawili wanaofanana sana wakiwa barabarani. Tuseme, kwa mfano tu, kila mmoja anapokea faranga 30,000 kwa siku. Wa kwanza pikipiki si yake: jioni anampelekea mwenyewe 12,000, esansi imekula 8,000, chakula cha njiani 3,000. Anafika nyumbani na 7,000, na siku ya mvua, njia zikiwa matope matupu kuanzia Oktoba, mwenye pikipiki anadai zake vilevile. Mtu huyo hana kesho. Ana jioni tu. Akiugua mtoto, anakwenda kwa wakopeshaji wale ambao mjini watu huwaita «Banki Lambert», na akishaingia humo kutoka ni taabu. Wa pili pikipiki ni yake. Zile 12,000 zinabaki mkononi mwake, na ni juu yake kuzila au kuzitunza. Wote wawili huitwa kwa jina moja, wote hunyeshewa mvua ile ile, lakini mmoja peke yake yuko shuleni.

Tulipotafuta habari za nchi nyingine, ya Uganda ndiyo iliyotugusa zaidi. Mwaka 2008 serikali ya nchi ile iliwapa vijana wa kaskazini, waliojiunga katika vikundi vidogo, kadiri ya dolari 400 kwa kila mtu, ili wajifunze ufundi na kununua vyombo. Walioomba walikuwa wengi kuliko fedha, basi wengine walipewa na wengine hawakupewa, kwa bahati nasibu. Mtaalamu Christopher Blattman na wenzake waliwafuatia wote. Baada ya miaka 4, waliopewa walikuwa wakipata 38 kwa 100 zaidi ya wenzao. Mtu angefunga kitabu hapo na kusema: mtaji ndio kila kitu. Lakini wataalamu walirudi baada ya miaka 9, wakakuta mapato yamelingana. Wale walionyimwa walikuwa wamepanda polepole kwa vibiashara na kwa vibarua, mpaka wakawafikia wenzao. Waliopewa walibaki wakiwazidi kwa vyombo na kwa kazi za ufundi.

Tulisoma habari hiyo mara mbili. Inatuambia kwamba kibarua kinaweza kumfikisha mtu mbali. Inatuambia pia kwamba kinamchelewesha, na katika miaka hiyo ya kuchelewa mtoto aliyepaswa kuingia shule amekwisha kuwa mkubwa. Wanaowasifu vijana wetu kwa uvumilivu wafikiri na hilo.

Huko Marekani nako wataalamu wamebishana. Walioandika mwaka 2018 waliona kwamba kazi za kuitwa kwa simu zilipoingia mjini, watu waliojaribu kuchangisha fedha za kuanzisha miradi walipungua, hasa ile miradi dhaifu. Wengine, mwaka 2022, waliona biashara mpya zilizoandikishwa zikiongezeka kwa 4 hadi 6 kwa kila 100 katika miji ambamo madereva wa kuitwa kwa simu waliingia. Sababu waliyoitoa ni hii: mtu akijua kwamba biashara ikianguka anaweza kuwasha gari lake kesho yake akapata chakula, haogopi kuanza. Wameufananisha msaada huo na parashuti. Sisi wa Haut-Lomami hatuhitaji kuelezwa parashuti. Mwezi wa Novemba 1964 askari wa Ubelgiji waliondoka na ndege kutoka kituo cha Kamina, wakaenda kuangukia Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo.

Hapo ndipo tulipoona kosa katika shauri la kijana wetu. Alitaka kuiuza ile pikipiki, yaani kuruka na kuiacha parashuti ndani ya ndege.

Tulipomwita tena tulimwuliza juu ya daftari. Akacheka, akagonga kichwa chake kwa kidole: «Yote yamo humu, Mwalimu.» Tukampa daftari la kurasa 48 na kalamu, tukamwambia aandike kila faranga iingiayo na itokayo kwa majuma manne. Jambo hili si mapenzi ya walimu tu. Kongo iliingia katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA mwaka 2012, na sheria ya umoja huo ya mwaka 2010 imeweka cheo cha mfanyabiashara mdogo ambaye hujitangaza kwa fomu bila malipo, pasipo kuandikishwa kama kampuni. Wajibu wake mkubwa ni daftari la kila siku, lionyeshalo fedha ilikotoka na ilikokwenda. Hata Bwana Yezu, katika Injili ya Luka, ataka mwenye kujenga mnara aketi kwanza ahesabu.

Juma la kwanza aliandika siku tatu tu. Juma la pili aliandika zote. Mwishoni tulifungua pamoja, akanyamaza kitambo. Safari 41 za majuma hayo hazikulipwa: mjomba, shemeji, katekista wa kijiji, rafiki wa shule, mgonjwa aliyepelekwa zahanati usiku. Ile ya mgonjwa hakuna atakayeidai. Lakini nyingine zilikuwa ni esansi iliyomwagwa chini, na mwenye mashine ya kusaga atajiwa na wajomba wale wale, kila mmoja na ndoo yake.

Tena kulikuwa na jambo ambalo hatukulitazamia. Fedha aliyoandika kama chakula cha nyumbani ilikuwa kidogo mno kwa watu watano. Tukamwuliza wanakula nini. Akasema mke wake huuza mawese njiani. Anapata kiasi gani? Hakujua. Na yeye mama, je, anajua habari za mashine? Akatazama chini.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, walikuja wote wawili. Daftari alilishika mama. Alikuwa amepiga mstari katikati ya kurasa, akaandika upande wake: mawese, chupa, chumvi, deni la jirani. Pikipiki haijauzwa. Mashine haijanunuliwa. Mama alitaka kujua kama tunaye mtu Kamina wa kuwatazamia bei ya mashine iliyokwisha kutumika, inayokwenda kwa mazuti, na kama muuzaji atakubali kulipwa nusu sasa na nusu baada ya mavuno. Tumeandika barua.