Vivutio vya Nani?

Kila orodha ya vivutio vya Nairobi huanza na mnyama. Simba wa mbugani, twiga wa Lang'ata anayekula kiganjani mwako, ndovu yatima wanaonyweshwa maziwa kwa chupa. Halafu nyumba ya Karen Blixen, halafu KICC upande juu upige picha, basi, mgeni arudishwe hotelini. Jiji la watu zaidi ya milioni 4 kwa hesabu ya 2019, na mtu pekee anayetajwa kwa jina ni Mdenmaki aliyeshindwa na shamba la kahawa akarudi kwao 1931.

Sina ugomvi na twiga. Mbuga ambayo ukisimama ndani unaona maghorofa ya tao nyuma ya kifaru si kitu ya kubeza. Ninachokataa ni hadithi inayouzwa pamoja na hizo picha. Unaijua: palikuwa na kinamasi kitupu, reli ikafika 1899, mzungu akapiga hema, jiji likaota. Eti kitupu. Jina lenyewe limetoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Nani alipaita hivyo, vyura? Na hiyo reli ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India. Wafanyabiashara Wahindi wakafungua bazaar, na tauni ilipozuka 1902 wakubwa wakaichoma moto.

Mimi huishi kwa kuandika makala za kulipwa. Karo ilinikataa chuoni nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo nimeandika kuhusu godoro, bima, dawa ya kunguni, chochote. Mwaka jana kampuni moja ya utalii ilitaka vivutio kumi vya Nairobi. Niliweka Kariokor nambari tatu na Pumwani nambari tano. Ikarudi zote mbili zimekatwa, na swali pembeni: kuna nini huko cha kuona? Nikaambiwa niweke mall.

Norfolk hawakuikata. Hoteli ya 1904, Roosevelt alishukia hapo 1909 akienda kuwinda, kila mtu anaipenda hiyo. Lakini tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika karibu na hapo, mbele ya kituo cha polisi, ukidai Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea na kuongoza watu mbele. Polisi wakafyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli wakajiunga. Nyanjiru akafa. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walihesabu zaidi. Thuku alipata barabara. Jina la Nyanjiru nimelitafuta kwenye vibao vya pale nikitembea na bado sijaliona.

Sasa hiyo Kariokor. Ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi waliuawa na magonjwa na njaa, si risasi. Watu walilitafuna hilo jina la jeshi mpaka likawa letu, na leo makanga analipiga kelele mlangoni bila kujua anaita wafu. Ukienda kununua kiondo ama kula nyama choma pale sokoni, umesimama kwenye jina la kambi yao. Hicho si kivutio?

Na Pumwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakoloni walitaka Waafrika wote wakae mahali pamoja wanapoweza kuwachunga. Wakaja Wakikuyu, Wakamba, Wanubi, watu wa pwani, wakajenga nyumba zao, na wanawake wengi wakawa wenye nyumba wakati ambapo ushago wasingerithi hata shamba. Kiswahili tunachoharibu leo kwenye mathree kilipikwa huko, sio Karen. Kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walisukumwa Pumwani na Shauri Moyo. Juzi juzi nyumba za kaunti za Pangani zikaangushwa tena, kupisha maghorofa.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Utaniambia twiga analeta dola, na ni kweli. Lakini orodha hizi hazisomwi na wageni pekee. Zinasomwa na mtoto wa Majengo anayejifunza kwamba mtaa wake ni njia tu ya kufika Gikomba, na zinasomwa na mwenye tingatinga. Jaribu kugusa nyumba ya Blixen uone kelele. Gusa nyumba ya zamani Pumwani, watakuita mwekezaji.

Wewe mwenye Jumamosi moja, toka tao na Racecourse Road hadi Kariokor, ule, kisha uvuke Pumwani. Ukiwa na nguvu, endelea hadi Kaloleni, kando ya Jogoo Road. Mtaa ulijengwa miaka ya 1940, na ndani kuna ukumbi ambao Tom Mboya alihutubia. Kuna pia tawi la maktaba ya McMillan, ile ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia makao yake makuu pale tao. Tafuta mzee mmoja chini ya mti, mwamkie vizuri, muulize nani alikuwa akikaa nyumba gani. Nenda kabla mabati ya mjenzi hayajazungushwa.