Gari Safi Halina Harufu



Ndugu wasomaji, wazazi wenzangu, leo nina neno kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo: manukato ya viwandani tunayoyaweka ndani ya magari. Nazungumzia zile kadi zinazoning'inia kwenye kioo, vichupa vinavyobanwa kwenye matundu ya kiyoyozi, makopo yanayofichwa chini ya viti, na yale ya kupuliza. Rai yangu ni hii: gari linalobeba watoto lisiwekwe hata kimoja kati ya vitu hivyo, na lile ambalo limekwisha kukolea lisafishwe mpaka harufu iishe.

Hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, wapo watoto wanaokwenda shule kwa gari la kukodi, wamebanana kumi au zaidi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Mama mmoja alinijia baada ya darasa akaniambia mwanawe mwenye pumu ameanza kukataa kupanda gari. Kila asubuhi anafika shuleni kichwa kinamuuma na kifua kimembana. Nilipomuuliza dereva, kijana mwenye adabu zake, alinijibu: "Ustadhi, mbona gari langu halinuki? Mimi sisikii kitu."

Na hakusema uongo. Mwenyezi Mungu ameiumba pua hivi kwamba ikikaa na harufu moja kwa muda, huizoea na kuacha kuisikia. Ndiyo maana dereva huongeza kadi ya pili na ya tatu akidhani ya kwanza imekwisha nguvu. Katika jambo hili, pua ya mwenye gari haifai kuwa shahidi. Shahidi ni abiria aliyetoka nje kwenye hewa safi, na hasa mtoto.

Kadi yenye umbo la mti ilibuniwa mwaka 1952 na mkemia Julius Sämann huko Watertown, jimbo la New York, Marekani. Maelezo yake yanaelekeza mfuko wa plastiki ufunguliwe kidogo kidogo, wiki baada ya wiki. Sisi tunauchana wote siku ya kwanza! Kisha gari linaegeshwa juani, dashibodi inapata joto la kupita nyuzi 60, na dawa yote inapanda hewani. Ukisoma kopo utakuta neno moja tu la Kifaransa, parfum, na nyuma ya neno hilo huenda pana kemikali kadhaa. Kwa mtu mwenye pumu au kipandauso, harufu kali inaweza kutosha kuamsha maradhi.

Lipo na jambo la pili. Harufu mbaya ndani ya gari ni mjumbe. Harufu ya petroli hukuambia kuna mahali panavuja. Harufu ya moshi hukuambia bomba la moshi limetoboka, na moshi huo hubeba gesi ya kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu na huua. Harufu ya uvundo hukuambia maji yameingia chini ya zulia na ukungu umeota. Ukimziba mjumbe mdomo kwa manukato, habari huipati, lakini hatari imebaki palepale.

Wauzaji wa magari ya mitumba wanalijua hili. Ukikuta gari limepulizwa manukato mpaka macho yanawasha, inua zulia uguse chini yake. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini pamelowa, akamkemea muuzaji kwa kuficha kasoro ile. Sioni tofauti kubwa kati ya nafaka ile na zulia hili.

Watu wengine hunijibu kwamba kujitia manukato ni Sunna. Ni kweli. Lakini Mtume huyohuyo alimtaka aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wenziwe kwa harufu. Manukato unayojipaka mwilini ni yako. Hewa ya ndani ya gari ni ya wote waliomo, na mtoto wa miaka saba hana uwezo wa kumwambia dereva "simama, nishuke".

Sasa, gari lililokwisha kukolea tulisafisheje? Kwanza toa chanzo. Pekua chini ya viti, ndani ya visanduku, kwenye matundu ya hewa na kwenye buti. Mara nyingi utakuta kichupa kilichosahauliwa au mafuta yaliyomwagika.

Pili, manukato haya yana asili ya mafuta, na hung'ang'ania plastiki, vioo na vitambaa. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Chukua maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, ufute dashibodi, milango, vioo kwa ndani, usukani na mikanda ya viti. Badilisha kitambaa mara kwa mara, kisha ufute tena kwa maji safi. Dari ifutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kwa maana ikilowa sana huweza kubanduka.

Tatu, toa mazulia uyafue na kuyaanika. Viti vya kitambaa vinyunyizie soda ya kuokea, uiache usiku kucha, kisha uifyonze kwa mashine. Mkaa amilifu, yaani ule uliotengenezwa maalumu kwa kunasa harufu, ukiachwa ndani ya gari siku kadhaa husaidia zaidi. Mkaa wa jikoni nguvu yake ni ndogo.

Nne, badilisha filta ya hewa ya ndani. Hii si ile ya injini. Katika magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, na fundi huitoa kwa dakika chache. Wengi huosha gari zima wakaisahau, kisha wakiwasha kiyoyozi harufu inarudi.

Tano, tumia jua. Funga madirisha gari lipate joto saa moja, kisha fungua milango yote hewa ipite. Rudia siku kadhaa. Joto huzitoa kemikali kwenye sponji ya viti na upepo huziondoa. Lakini angalia sana: asiwepo mtoto ndani, hata kwa dakika moja.

Inataka subira. Gari lililokolea kwa miaka halitaisha kwa siku moja.

Mambo mawili tujihadhari nayo. La kwanza ni mashine za ozoni zinazosifiwa kuua harufu. Ozoni hudhuru mapafu, na ikikutana na manukato yenye asili ya limau huzalisha formaldehidi, ambayo taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2004 katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. La pili ni kutoa kadi ukafukiza udi. Udi ni mila njema ya nyumba zetu, lakini ndani ya gari lililofungwa moshi ni moshi, na kifua cha mwenye pumu hakiujali usharifu wake.

Wazazi, tunapopatana na dereva huulizia bei na saa ya kupita. Tuongeze na sharti hili, tena kwa lugha nzuri, maana wengi wao huweka manukato kwa nia ya kutukirimu. Na akitwambia gari linahitaji siku mbili za kusafishwa, tusimkate ujira wa siku hizo. Ameziweka kwa ajili ya watoto wetu.

Jioni ya leo muulize mwanao: ndani ya gari munakopanda, hewa yake ikoje? Msikilize mpaka amalize.

Wabillahi tawfiq.