Mtungi wa Gesi Chumbani mwa Mpaka Rangi



Mzee mmoja ambaye mwanawe hupaka rangi majahazi madogo ya mbao ya kuuza ameniuliza jambo ambalo naona linawahusu wengi. Kijana huyo anatumia brashi ya hewa, ile kalamu inayonyunyiza rangi kama ukungu. Kompresa yake ina kelele, mtoto mchanga halali, na umeme ukikatika kazi husimama. Wenzake wamemshauri anunue mtungi wa gesi, afanye kazi yake usiku kimya kimya, chumbani anamolala na wadogo zake wawili. Mzee anauliza: je, pana salama hapo?

Kwanza tuulize ni gesi gani. Ya kupikia haifai. Hilo halihitaji maelezo. Oksijeni ya mafundi wa kuchomelea nayo isikaribie kazi hii, kwani mafuta au rangi kidogo ikikutana na oksijeni iliyoshindiliwa huweza kuwaka bila ya kiberiti. Wanaojua kazi hii hutumia hewa ya ukaa, ileile inayotia povu katika soda. Haiwaki, haina unyevu wa kuharibu rangi, na mtungi wake hauna kelele. Ushauri wa vijana, basi, haukutoka hewani.

Lakini ndani ya mtungi huo gesi imeshindiliwa hata ikawa kimiminika. Katika joto la nyuzi 20 shinikizo lake hufikia bari 57 hivi, na joto letu la pwani hulipandisha zaidi. Brashi inahitaji bari 1 au 2 tu. Kwa hiyo regyuleta iliyotengenezwa kwa gesi hiyohiyo ni ya lazima, na uzi wake ukikataa kuingia usilazimishwe. Mtungi usimame wima, ama sivyo kimiminika kitaingia kwenye regyuleta na kuigandisha. Tena mshale wa shinikizo usimdanganye mtu: maadamu kimiminika kimo ndani, mshale hubaki palepale. Kiasi kilichobaki hujulikana kwa mizani, kwa kutoa uzito wa mtungi mtupu uliopigwa mhuri shingoni mwake.

Lililonitia wasiwasi zaidi katika swali la mzee ni hicho chumba. Kilo 1 ya hewa ya ukaa ikitoka hujaza kiasi cha lita 500 na zaidi. Mtungi wa kilo 5, basi, una lita zipatazo 2,700. Chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.7, kina lita kama 24,000. Vali ikivuja usiku na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, gesi yaweza kufikia sehemu 10 katika kila 100 za hewa ya chumba, kiasi kinachoweza kumzimisha mtu fahamu kwa dakika chache. Nayo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo huelekea kutuama chini. Na nani wanaolala kwenye godoro la sakafuni, kama si wale wadogo?

Hata pasipo uvujaji hesabu si nzuri. Brashi hutumia kama lita 15 kwa dakika. Nusu saa ya kunyunyiza mfululizo ndani ya chumba kilichofungwa hukaribia sehemu 2 katika 100, ilhali kiwango kinachokubaliwa kwa wafanyakazi wa kutwa katika nchi nyingi ni nusu ya sehemu 1. Barakoa huzuia vumbi la rangi. Gesi hii hupita. Dalili zake ni kichwa kuuma na kuhema, na mwenye shughuli yake hudhani ni uchovu.

Naitrojeni nayo hutumika, lakini hiyo naiogopa zaidi, kwa kuwa mwili hauna namna ya kuihisi. Na wapo waliokwisha kuutazama kwa jicho la tamaa mtungi mwekundu wa kuzimia moto ukutani mwa msikiti! Gesi yaweza kuwa moja, lakini huo una bomba la ndani linalotoa kimiminika, na mimi ndiye ninayetia saini daftari lake.

Kwa kazi ndogo ndogo kuna njia ya zamani: gurudumu la akiba la gari, lililojazwa kwa pampu ya mguu na kufungwa kiunganishi cha mpira wa brashi. Hutoa dakika 2 hivi kabla ya kulegea, lakini kinachotoka ni hewa tu.

Mzee wangu, kama kijana ameshikilia mtungi, kazi ifanyike barazani, mchana. Mtungi ukae huko huko nje kivulini, umefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, na vali yake kuu ifungwe kila anapoweka brashi chini. Siku ya kwenda kuujaza, usiachwe ndani ya gari juani, na vioo viwe wazi njia nzima.