Umri wa Ngazi Ziendazo Zenyewe

Katika stesheni za reli ya chini ya ardhi huko London zimo ngazi ziendazo zenyewe kwa nguvu za umeme. Abiria husimama tu, nayo ngazi humpandisha. Ya kwanza iliwekwa Earl's Court mwaka 1911. Ngazi hizo huchukua watu tangu alfajiri hata usiku mkubwa, na bado hutarajiwa kudumu miaka kama 40, mradi zifunguliwe na kutengenezwa upya zifikapo nusu ya umri huo.

Lakini umri wa mashine si hesabu ya miaka tu. Katika stesheni ya King's Cross, ngazi ya mbao iliyowekwa mwaka 1939 ilikuwa ingali ikifanya kazi mwaka 1987. Tarehe 18 Novemba njiti ya kiberiti ilianguka chini yake, ikawasha grisi na takataka zilizorundikana pasipo kusafishwa. Watu 31 walikufa.

Wenye mashine za kusagia mahindi hapa Kiirua na walifikiri jambo hili. Mngurumo wa mashine si ushahidi kwamba ni nzima. Na ifunguliwe, ifagiliwe chini yake, grisi kuukuu iondolewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.