Tusiwacheke Wanaosema Wamechoka

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza.

Siku ile tuliporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nilitembea na mwenzangu mmoja. Njiani akasema, "Mimi nikitoweka hata hakuna atakayejua." Nikacheka! Nikamwambia aache maneno ya sinema. Karo ilipopatikana nikarudi darasani, lakini yeye hakuja. Siku ya tatu nilienda kwao nikamkuta ameketi na shangazi yake. Huyo shangazi ndiye aliyemwona alivyobadilika, akamwuliza, akakaa naye, akampeleka hospitali. Mimi rafiki nilicheka tu.

Wengi wetu husema eti anayetaka kujiua ni mwoga, au anatafuta kuonewa huruma. Si kweli. Mara nyingi mambo mengi humlemea mtu kwa pamoja: kufiwa, kupigwa nyumbani, ulevi, karo, ugonjwa wa huzuni. Kinachomkinga nacho kipo, na si kikubwa: mtu wa kumsikiliza bila kumhukumu, hata mmoja. Tena wengine huogopa kuuliza, eti utamtia mtu wazo. Wataalamu wamechunguza wakaona sivyo. Ukimwuliza waziwazi humpa nafasi ya kutua mzigo.

Hata sheria yetu ilikuwa ikimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kifungo hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho cha 226 kinapingana na Katiba. Jamani, mahakama imeacha kuhukumu, sisi je?

Sasa walimu wetu, msinikasirikie. Chumba cha ushauri kiko ndani ya ofisi ya nidhamu, mlango ni ule ule mmoja. Ukionekana ukiingia, darasa zima linauliza umeiba nini. Nani ataenda huko? Naomba kihamishiwe karibu na maktaba. Na zile alama za kusomwa gwarideni kuanzia wa mwisho, kwani kila mtu hawezi kupewa karatasi yake kimya kimya?

Anayeona haya kuzungumza na mwalimu anaweza kupiga 116, simu ya watoto, haina malipo, usiku na mchana.

Mwenzangu aliyasoma haya kabla sijampelekea mhariri. Alisahihisha ngeli mahali pawili, akasema jina lake nisiliweke, lakini la shangazi yake ningeweza. Shangazi akakataa.