Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Mradi Ukiisha, Muuguzi wa Utafiti Aende Wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi niliyefanya kazi kwenye majaribio ya tiba kwa miaka sita. Nakuandikia kwa ajili yangu na wenzangu, ambao matunda ya kazi yao yanaliwa na wengi wasiowajua.

Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya RTS,S dhidi ya malaria. Ilikuwa imejaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na kati ya vituo 11, viwili vilikuwa kwetu Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Miaka miwili baadaye ikafuata R21, nayo ilijaribiwa Bagamoyo pia. Tunajivunia, na tuna haki. Ila nyuma ya kila takwimu yupo mtu aliyepanda pikipiki jioni kwenda kumpima mtoto joto, akarudi kesho yake na keshokutwa.

Namkumbuka bibi mmoja niliyemsomea fomu ya ridhaa, shahidi wake kaketi pembeni. Nilipofika kwenye maelezo ya damu, alinishika mkono: “Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?” Niliweka fomu chini, nikamweleza safari yote ya ile chupa ndogo hadi maabara. Akasema ataenda kufikiri. Siku ya tatu alirudi na mjukuu mgongoni, akaweka dole gumba. Mfadhili hakumjua, aliyemjua ni mimi.

Mradi ulipoisha nilikabidhi kitambulisho, simu na ufunguo wa jokofu la chanjo. Cheo changu kilikuwa kilekile cha siku ya kwanza, na mikataba yangu yote ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Nafasi ya mratibu ilipotokea, aliletwa mtu kutoka nje, na mimi ndiye niliyemwelekeza kazi. Nilipoajiriwa serikalini nilianzia daraja la chini, kana kwamba miaka ile sita nilikaa nyumbani. Baadaye nikasikia kuwa yule bibi alikuja kuniulizia, apate kujua utafiti ule umeonyesha nini. Hakukuta mtu wa kumjibu.

Mheshimiwa, hasara hii si yangu peke yangu. Mradi mwingine ukija, wanatafutwa watu wapya, wanafundishwa upya, na wanakijiji wanabembelezwa upya.

Dawa yake haiko mbali. Hakuna jaribio linaloanza Tanzania Bara bila kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), wala dawa mpya haijaribiwi bila idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Anayeomba kibali huulizwa mshiriki atalindwaje. Kwanza, aulizwe pia mfanyakazi atakuzwaje: atasomeshwa nini, nani anaandaliwa kushika uratibu, na mkataba ukiisha ataelekea wapi. Jibu liwe na fungu lake katika bajeti.

Pili, wafanyakazi wa utafiti wawekewe muundo wa utumishi unaoeleweka, wenye ngazi za kupanda kutoka msaidizi wa nyanjani hadi mratibu, msimamizi wa ubora na mtafiti mkuu. Miaka ya kazi kwenye miradi ihesabiwe mtu anapoingia serikalini. Msaidizi mwenye cheti cha kidato cha nne, anayejua kila nyumba ya kata yake, afunguliwe mlango wa chuo. Na aliyechangia kuchambua takwimu na kuandika makala ya kisayansi, jina lake lisiachwe.

Katika kazi yetu, ukikosea kuandika kwenye jalada la mshiriki huruhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili libaki likisomeka, unaandika lililo sahihi kando yake, unaweka saini na tarehe. Ndicho ninachokuomba, Mheshimiwa. Yaliyotupata hayafutiki. Andika lililo sahihi kando yake, utie saini yako, na tarehe iwe ya mwaka huu.

Wako katika kulitumikia taifa,
Muuguzi wa utafiti